Mashati Tuliyoyazika Nyuma ya Maabara

Jumatatu, 4 Novemba

Leo nimeona muujiza, tena darasani kwangu mwenyewe, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Somo langu linaitwa Nguo na Mitindo Endelevu. Nililiomba mimi, mwalimu aliyekuwa nalo alipokwenda masomoni. Nilidhani nitaonyesha picha za magauni hadi muhula uishe. Kumbe lina sayansi ndani yake.

Mwanafunzi mmoja alileta pamba mbichi, bado ina mbegu. Akaivuta kwa vidole, akaisokota pajani, ukatoka uzi. Uzi, kutoka kwenye kitu chepesi kama pumzi! Akaukunja mara mbili, akatundika mkoba wangu. Mkoba ukaning'inia. Nilisimama mdomo wazi hadi wakadhani nimesahau somo. Nilikuwa nimelisahau kweli.

Furaha iliharibikia mlangoni. Mwalimu wa kemia alikuwa akichungulia. Kwa siri namwita Bwana Asidi. Ofisi yetu ni moja, na chai anaivuta kwa sauti. Analitaka somo langu. Amemwambia Mkuu wa Kitivo kwamba mambo ya nyuzi ni kemia, na mimi ni mtu wa biashara. Mkuu anakuja Ijumaa kutazama tukifukua mashati, kisha ataamua somo libaki kwa nani.

Mashati yenyewe: mwanzo wa muhula kila mmoja wetu alizika shati lake nyuma ya maabara, tuone udongo utakula nini na utaacha nini. Kila shimo lina kibao chenye jina la mwenye shati. Mimi nilizika shati langu jeupe la harusi. Niliwahutubia sana siku ile. Nilisema pamba safi namna ile itarudi kuwa udongo mtupu. Wengine walipiga makofi.

Jumanne, 5 Novemba

Balaa.

Nilikuwa namsimulia mke wangu habari za Ijumaa. Yeye ni mwalimu wa hesabu, na alikuwa akisahihisha madaftari. Akainua kichwa, akauliza ni shati lipi nililozika. Nikamwambia. Akauliza tena.

"Baba, umewahi kuniona nikilipiga pasi lile shati?"

Nikafikiri. Sikuwahi. Akasema lile hata ukililalia usiku kucha linaamka limenyooka. Plastiki tupu, alilichagua yeye mwenyewe dukani. Akarudi kwenye madaftari yake, anatabasamu peke yake. Ndoa ni kitu kigumu.

Nimeshapanga. Kesho mchana, watu wakienda kula, nitalifukua shati langu na kufukia dekio letu la jikoni, ambalo limeoza lenyewe bila msaada wa udongo. Mpango hauna pa kuvuja.

Jumatano, 6 Novemba

Nimefukua shimo la mtu mwingine.

Nilivua miwani ili nisitambulike. Matokeo yake, sikutambua kitu. Nikachimba kwa mwiko wa nyumbani palipoonekana kuwa pangu. Kwanza ikaja mizizi myembamba kama nywele. Kisha nyungunyungu wanene, wametulia kama wenye nyumba. Kisha shati. Ila shati lenyewe halikuwapo.

Nikavaa miwani. Kitambaa chote kimeliwa. Imebaki mishono. Mstari wa kola. Mistari ya mabega. Mzunguko wa kila mkono. Mraba wa mfuko. Vifungo vimejipanga, kila kimoja mahali pake. Uzi mtupu umelala juu ya udongo, umechora mtu aliyeondoka. Pamba imekwenda, uzi wa cherehani, ambao ni plastiki, umekataa kwenda. Nilipiga magoti bila kukusudia. Niliogopa hata kupumua, nisije nikaupuliza. Mimi niliyefundisha siku zote hizo kwa maneno mengi, udongo ulikuwa umefundisha kwa kunyamaza.

Nilipopata akili nikasoma kibao. Ni la Shangazi. Darasa zima linamwita hivyo. Amestaafu kazi ya benki, ana wajukuu, hukaa kiti cha mbele na kuniuliza maswali ambayo mimi huyajibu kwa kukohoa. Alizika shati la marehemu mumewe. Alituambia kwamba mashati yake yamebaki sanduku zima: kuyavaa hawezi, kuyagawa hawezi, kuyatupa ndiyo kabisa. Akasema afadhali moja udongo umwamulie.

Ningelifukia na kwenda zangu, ningekuwa mtu mwema. Lakini wazo likanipanda kichwani. Muujiza mkubwa namna hii, kwa nini usiwe wa mwalimu? Nikafukia polepole, kwa viganja. Kisha nikabadilisha vibao. Chake kwangu, changu kwake. Yote mawili yalikuwa meupe, nani atajua. Tena nikajipa moyo kwamba Shangazi atafurahi kuona la mumewe limetoka zima.

Dekio nimelirudisha jikoni.

Alhamisi, 7 Novemba

Asubuhi nilifanya mazoezi ya kushangaa mbele ya kioo. Nimeridhika na nyusi.

Ofisini Bwana Asidi aliniuliza kwa nini kucha zangu zina udongo. Nikasema nimeanza kupanda maua. Akauliza maua gani. Nikasema mekundu.

Kisha akaja Shangazi. Alikaa akiwa ameshika mkoba kwa mikono miwili. Alitaka kujua kama nadhani patabaki kitu. Usingizi haumjii, alisema. Anaogopa kukikuta, na anaogopa kutokikuta. Nilikohoa. Kikohozi hakikutosha, nikasema udongo ni mwaminifu. Akanishukuru, akaondoka.

Nikatoka mbio kurudisha vibao. Bwana Asidi alikuwa ameshatangulia, amechuchumaa katikati ya mashimo na vichupa vyake, anapima uchachu wa udongo kwa ajili ya kesho. Nilimzunguka nikijifanya natazama ndege. Hakuinuka hadi mlinzi alipokuja kufunga geti.

Ijumaa, 8 Novemba

Naandika kila kitu, maana nataka nikumbuke. Karibu kila kitu.

Mkuu wa Kitivo alikuja na viatu vya mvua. Wanafunzi wakaanza kufukua. Shati moja la mchanganyiko wa pamba na plastiki limetoka limekonda kama wavu, unaona vidole upande wa pili. Fulana nyingine imebaki shingo peke yake. Kila kinachoinuliwa, watu wanasogea. Hakuna aliyetazama simu.

Tukafika kwenye kibao changu. Wakaondoa udongo kwa mikono, wakatelezesha sinia chini yake, wakaliinua kama mtoto aliyelala. Mkuu mwenyewe akalimiminia maji tone kwa tone. Mistari ikajitokeza. Nilikuwa nimeshaiona, lakini nilisisimka upya, ngozi yote. Bwana Asidi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mkuu aliuliza kwa sauti ya chini kama hili ndilo la mwalimu. Nikafungua kinywa. Nyusi zilikuwa tayari.

Hapo maji yakafika mfukoni. Mishono yote ilikuwa myeupe, isipokuwa ya chini ya mfuko. Ile ilikuwa myekundu, inawaka kama imeshonwa jana.

Shangazi aliweka mkoba wake chini, kwenye matope. Akasogea.

"Hili ni la mume wangu," alisema. "Uzi mwekundu ni wangu. Kalamu ilimtobolea mfuko, nikamshonea kwa uzi niliokuwa nao. Tulinuniana wiki nzima."

Akafuata mshono kwa kidole bila kuugusa, mfuko mzima, kisha bega, kisha mkono hadi mwisho. Alicheka. Akalia. Akacheka tena. Msichana mmoja alimshika kiwiko. Mkuu wa Kitivo alivua kofia. Nimehudhuria mahafali mengi katika maisha yangu. Heshima ya namna ile sijapata kuiona.

Bwana Asidi ndiye aliyetuzindua. Alikuwa amevuta shati la shimo la pili. Limetoka jeupe vilevile, kola imesimama, tayari kwa harusi nyingine. Akasoma lebo kwa sauti: poliesta, mia kwa mia. Akauliza la nani. Watu wakatazama kibao, wakamtazama Shangazi, kisha wakanitazama mimi. Nikasema bila shaka mvua imehamisha vibao.

Shangazi alizitazama kucha zangu. Alizitazama kwa muda.

"Mvua siku hizi ina mikono," alisema taratibu. Akalichukua lile shati, akalikung'uta, akaliweka juu ya mkono wangu. "Lifue, mwalimu. Hili litakuzika wewe."

Angeweza kunimaliza pale pale, na hakunimaliza. Nilibaki nimelishika, masikio yanawaka.

Kabla ya kuondoka aliwaambia wanafunzi kwamba Jumatatu atawaletea lile sanduku, wayashone mashati yawe chochote wapendacho. Mfuko huu unamtosha. Akaondoka na sinia, hatua fupi fupi, wanafunzi wawili wamemshika huku na huku.

Mkuu alisema somo kama hili haliwezi kufa. Ila kuanzia muhula ujao nitalifundisha pamoja na Bwana Asidi. Sayansi iwe yake. Mimi nibaki na sehemu ya kuwashangaza watu, kwa kuwa ameona nina kipaji.

Kipaji! Kasema yeye.

Jumamosi, 9 Novemba

Siwezi kuacha kuliwaza lile shati la uzi. Nilimsimulia mke wangu mara mbili. Mara ya pili aliweka kalamu chini na kunisikiliza hadi mwisho, macho yake yakalowa. Alipouliza vibao vilihamaje, nikaenda kuoga.

Bafuni nikapata wazo. Jambo kubwa hivi haliwezi kufungiwa nyuma ya maabara. Lazima dunia ijue! Basi kila mwanafunzi wa kitivo apate fulana mpya, na walimu, na walinzi, na wageni wote wa mahafali. Kifuani maandishi makubwa: NUNUA NGUO CHACHE. Kila mtu apewe mbili, asije akakosa ya kubadilisha.

Nimempigia mwenye kiwanda cha mtaa wa nyuma. Pamba hana. Ana kitambaa kingine, kinang'aa vizuri, rangi zote. Nikamuuliza ubora wake. Akasema kina sifa moja tu: hakiishi.

Nikamwambia, ndugu yangu, hiyo ndiyo maana ya endelevu. Anza kukata.