Saksafoni kwa Wakwe

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimefanya jambo kubwa leo. Nimefuta chumba! Kile alichokiwekea oda mgahawani mke wangu Gye-ok kwa ajili ya mkutano wa wazazi, chenye mikeka, ukimya na supu ya mwani. Badala yake, Jumamosi jioni, binti yetu Sae-byeok na mchumba wake Jin-gyu, pamoja na wazazi wa pande zote mbili, tutakula juu ya boti ya kifahari! Vitambaa vyeupe mezani. Bendi inapiga. Huku maghorofa ya Haeundae yanawaka taa, kule Daraja la Gwangan linawaka. Nani atanidharau hapo?

Sababu ya yote haya ni Bwana Pyo, baba yake Jin-gyu. Ana kiwanda cha kababu za samaki na gari refu kama treni. Tumekutana mara moja tu, kwenye maegesho. Nikajitambulisha kwa heshima zote, nikainama mpaka mgongo ukalia. Akanitazama kama mtu aliyekuta unywele kwenye supu. Akasema, "Aaa. Kumbe ndiwe wewe, yule dobi."

Yule! Mimi ni dobi, sikatai. Nusu ya mashati ya mtaa wetu wa Namcheon yamepita mikononi mwangu. Lakini ile "yule" ilikuwa na jambo ndani yake. Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Mpango una sehemu ya pili, ambayo hakuna aijuaye. Katikati ya chakula, bendi itaniita jukwaani kwa ghafla. Nitashangaa. Nitakataa mara mbili. Kisha nitapiga saksafoni! Nimejifunza kwenye kituo cha mtaa na sasa najua wimbo mmoja na nusu. Ile nusu naiweka akiba.

Gye-ok amegundua habari ya chumba wakati wa chakula. Ameacha kumenya vitunguu saumu. Akauliza, "Baba Sae-byeok, umelewa?" Nikasema hapana. Akasema ingekuwa afadhali.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimekwenda gatini na saksafoni mgongoni. Mkubwa wa bendi ni mwimbaji, Bi. Noh Ae-sim, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kuamrisha meli. Nikamweleza mpango wangu. Akaniambia nipige kidogo asikie. Nikapiga. Shakwe wote waliokuwa kwenye nguzo wakaondoka.

Bi. Noh akawatazama wakienda. Kisha akauliza kama chombo chenyewe ni kizima. Nikamhakikishia kwamba ni kizima kabisa. Akasema, "Basi mwenye ugonjwa tunamjua." Akageuka kwenda zake!

Lakini mimi si mtu wa kukata tamaa. Nikaona doa la mchuzi kwenye mkono wa gauni alilolibeba, lile lake la jukwaani, lenye vidude vinavyometameta toka shingoni hadi miguuni. Nikamwambia doa hilo litaonekana hata kutoka kwenye daraja. Nikamwambia mimi ni dobi, bingwa, na nitamfulia bure. Akasimama. Akaangalia doa. Akaniangalia mimi. Akasema wimbo mmoja tu, na uwe mfupi.

Nimerudi nyumbani na gauni begani huku nikipiga mluzi. Nani kama mimi Busan nzima?

Jumatano, 9 Oktoba

Sikukuu. Watu wote wako nyumbani, kwa hiyo watu wote wamenisikia nikifanya mazoezi. Jirani wa juu kagonga sakafu. Jirani wa chini kagonga dari. Gye-ok hakugonga kitu. Alinifungulia mlango tu, akasimama kando yake mpaka nikatoka.

Nikahamia dukani, katikati ya makoti. Hapo ndipo Sae-byeok alinikuta. Nikaiwahi saksafoni, nikaifunika kwa shuka. Mtoto wangu ana macho ya mama yake. Sijui kama ameona. Akaketi juu ya kapu la nguo, akazungusha pete yake. Akasema, "Baba, nakuomba kitu kimoja tu. Jumamosi, kaa. Kaa, kula, tabasamu. Baba yake Jin-gyu hajafurahishwa na mambo haya tangu mwanzo, na Jin-gyu hataki kuniambia sababu. Ninaogopa, Baba."

Nikamwahidi. Nitakaa.

Baada ya yeye kuondoka nikafikiri vizuri. Saksafoni hupigwa hata mtu akiwa amekaa! Nitawaomba kiti.

Alhamisi, 10 Oktoba

Balaa! Balaa kubwa!

Kila dobi duniani anajua kwamba nguo ya vidude vya kumetameta haipigwi pasi ya mvuke. Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo kila kijana aliyepita dukani kwangu. Lakini leo nilikuwa na saksafoni mkono mmoja na pasi mkono mwingine. Nilipofika kwenye ile sehemu ngumu ya wimbo nikafumba macho, kama wafanyavyo wanamuziki wakubwa. Nikasikia harufu. Nikafumbua macho.

Gauni la Bi. Noh limejikunja kama dagaa kwenye mafuta ya moto. Vidude vimeyeyuka vikashikana. Lingemtosha mtoto wa chekechea, kama mtoto huyo angekubali kuvaa gamba la kobe.

Nimekaa chini. Nimekunywa maji. Nimesimama. Nimekaa tena.

Kisha nikainua macho nikaona kamba ya nyuma, ile ya nguo ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Katikati yake, gauni la rangi ya dhahabu! Zito, linang'aa, lina mkia. Limening'inia hapo tangu mwaka juzi. Kijikaratasi chake cha jina kilianguka zamani. Mwenyewe bila shaka amehama mji. Au amefariki, maskini. Angefurahi kujua nguo yake imesafiri baharini.

Ijumaa, 11 Oktoba

Bi. Noh amelipenda! Nimemwambia ni zawadi ya heshima kutoka dukani, avae kesho, na kwamba lake la zamani bado linapumzika. Akauliza gauni linapumzikaje. Nikasema ni mambo ya kitaalamu. Kalijaribu, limemkaa kama alipimiwa. Ameahidi kunitambulisha kwa maneno mazuri. Saksafoni nimeiacha kwao, nyuma ya ngoma.

Nimenyoosha suti yangu mara tatu. Hata nzi akitua atateleza.

Jumapili, 13 Oktoba, asubuhi

Jana sikuweza kuandika. Sasa niandike kila kitu.

Tulipanda boti jua linakaribia kuzama. Gye-ok alivaa vazi letu la jadi, hanbok yake ya kijivu, mzuri mpaka nikasahau hotuba yangu. Bwana Pyo akaja na uso wa jiwe. Aliniinamia kidogo sana, kama mtu anayeangalia kama kamba za viatu zimefungwa. Mkewe, Bi. Ham, ni mama mdogo wa umbo, mchangamfu, lakini aliponiona tu akaanza kutazama bahari. Sura yake nikaiona kama naifahamu. Tatizo langu ni moja: nakumbuka madoa, sikumbuki sura.

Boti ikang'oa nanga. Wee! Maghorofa yakaanza kuwaka moja baada ya jingine, vioo vyote vikawa rangi ya chungwa, na maji yakawaka nayo. Kamba wa kuchoma wakaletwa, wakubwa kama viatu. Nikamuuliza Bwana Pyo anaonaje mandhari. Akasema ameyaona maghorofa hayo tangu yakiwa mashimo. Sawa. Nikasubiri zamu yangu.

Taa za jukwaani zikawashwa. Bi. Noh akatokea ndani ya dhahabu tupu! Abiria wakapiga makofi. Mimi nikapiga kuliko wote.

Bi. Ham akapaliwa na supu.

Bwana Pyo akaweka kijiko chini taratibu. Akasimama, akanyoosha kidole jukwaani. "Hilo ni gauni la mke wangu."

Nikahisi damu yote imeteremka kwenye soksi.

Akanigeukia. Akasema alimnunulia mkewe gauni hilo kwa sherehe ya kumbukumbu ya ndoa yao mwaka juzi, akaliagiza mbali, na mkewe alilivaa mara moja tu kabla ya kulipeleka kwa dobi wa Namcheon. Na dobi akalipoteza! "Mke wangu akaniambia nisiende kugombana, nimsamehe. Nikasamehe! Kumbe hukulipoteza. Umeligeuza nguo ya biashara!"

Meza zote zikageuka. Mpiga kinanda akaacha kupiga. Nilipaswa kusema kweli, lakini ulimi wangu una miguu yake. Nikasikia ukisema kwamba magauni ya aina hiyo hushonwa mapacha. Gye-ok akanikanyaga chini ya meza. Nikaendelea kueleza kuhusu mapacha. Akanikanyaga tena, kwa kisigino.

Bwana Pyo akasema boti igeuzwe. Akasema kwa familia ya namna hii hakuna harusi, hakuna kitu. Jin-gyu akasema, "Baba, tafadhali." Hakumsikia.

Nikamtazama Sae-byeok. Hakulia. Alikuwa anakunja kitambaa chake cha mezani, anakikunja, anakikunja tena, kidogo zaidi kila mara. Hapo nikatamani kujirusha majini, na saksafoni shingoni ili nizame haraka.

Ndipo Bi. Ham akasema, "Baba Jin-gyu, kaa chini."

Kwa sauti ndogo. Lakini Bwana Pyo akakaa.

Bi. Ham akasema dobi hakupoteza kitu. Akasema yeye mwenyewe alilipeleka, akatupa risiti kwenye pipa la nje, na hakurudi tena. "Nililivaa siku ile kwa ajili yako. Nikajitazama kwenye kioo nikaona kababu. Kababu ya samaki iliyofungwa karatasi ya dhahabu. Na wewe ulikuwa umefurahi mno! Ningekuambiaje? Nikasema dobi kalipoteza. Sikujua dobi huyo angekuja kuwa mkwe wetu." Kisha akanigeukia mimi na Gye-ok, akainamisha kichwa mpaka karibu na sahani. Akaomba radhi.



Bwana Pyo akauliza, "Kababu?"

"Kababu," akasema Bi. Ham.

Gye-ok wangu, mwanamke ambaye hajacheka mbele ya wageni tangu nimjue, akatoa sauti puani. Akajaribu kuirudisha ndani. Haikurudi. Sae-byeok akafuata. Kisha Bi. Ham mwenyewe. Bwana Pyo akatazama jukwaani, akamtazama mkewe, akatazama tena jukwaani. Akasema kwa huzuni kwamba kweli, huyu mwimbaji limemkaa. Na yeye akacheka, kicheko cha kupasua mbao.

Akainuka kuja upande wangu. Nikaziba uso. Kumbe anataka kunimiminia pombe ya soju, kwa mikono miwili, kwa heshima! Akasema, "Mkwe mwenzangu. Mwaka juzi mpaka leo nakutukana kila nikifunga kifungo cha shati." Nikamwambia si neno. Tukanywa. Macho yake yalikuwa na maji na yangu pia, tukasingizia upepo.

Hakuna aliyeuliza kwa nini gauni la mteja lilikuwa mwilini mwa mwimbaji. Sikuona haja ya kukumbusha.

Bi. Ham akamwambia Bi. Noh gauni ni lake, abaki nalo, na Mungu ambariki. Bi. Noh akafurahi, akashika kipaza sauti. Akatangaza kwamba usiku huu, kati yetu, yupo baba mmoja mwenye kipaji cha siri. Moyo wangu! Nikasimama, tayari kukataa mara mbili.

Bwana Pyo akasimama pia.

Tukatazamana. Nikamwambia nadhani ni mimi. Akasema haiwezekani, yeye alipeleka maboksi mawili ya kababu kwa bendi tangu Jumatano. Bi. Noh akatazama pembeni, kama mtu anayehesabu mawingu. Bwana Pyo akaninong'oneza kwamba alitaka kuimba ili, hata kama hatupendi, aonekane ana moyo. Mzee wa watu!

Tukapanda wote wawili. Nikaomba kiti, maana ahadi ni ahadi. Sae-byeok alipoona naketi na saksafoni akaziba uso kwa mikono yote miwili. Mimi nikapiga wimbo wangu. Bwana Pyo akaimba wake. Hazikuwa nyimbo zinazofanana, na hakuna aliyekubali kuacha. Nahodha akatoa kichwa dirishani kuuliza kama injini imeharibika. Mpiga ngoma, kwa huruma, akatupa mdundo, na sijui ilikuwaje, watu wakainuka kucheza! Bi. Ham na Gye-ok wakishikana mikono. Jin-gyu akimzungusha mtoto wangu chini ya daraja lenye taa za kila rangi. Sae-byeok alikuwa anacheka huku analia, na aliponipita akapaza sauti, "Baba, nilisema ukae!" Nikamwonyesha kiti.

Hata ile nusu ya wimbo nikaipiga. Mara mbili.

Jumapili, 13 Oktoba, jioni

Harusi ipo! Majira ya kuchipua, maua yakifunguka. Sae-byeok amepiga simu mwenyewe.

Gye-ok na mimi tumekunywa chai. Akaniambia nitie akilini: hakikutuokoa kipaji changu, wala boti, wala hila yoyote. Kilichotuokoa ni mwanamke mmoja kusema kweli mbele ya watu. Nikamwambia umenena, mama. Maneno yamenigusa sana. Kuanzia leo mimi ni mtu wa kweli tupu, mambo wazi, hakuna njama. Akanishika mkono. Nilikuwa karibu kulia.

Bwana Pyo naye kapiga simu baada ya hapo. Tuna mawazo mamoja, kama ndugu! Siku ya harusi tutaingia ukumbini juu ya farasi. Wake zetu hawajui, na hawatajua. Anamfahamu mtu mwenye farasi, mpole kiasi, kule Gijang. Mimi sijawahi kupanda farasi. Yeye pia hajawahi. Farasi ni mmoja, tutabanana.

Kesho asubuhi tunakwenda kumjaribu. Nimemwambia Gye-ok tunakwenda kuoga kwenye hamamu. Nimeshalowesha taulo ili nirudi na ushahidi.