Protaktini ya Manjano

Jumatatu, 11 Agosti
Mkuu wa shule, Mwalimu Saida, ameniita ofisini. Klabu yangu ya kemia haina mwanafunzi hata mmoja. Alhamisi ni maonyesho ya sayansi. Nisipopata wa kujiandikisha, klabu inafungwa na chumba anapewa Ishaka wa fizikia. Ishaka ana droni. Mimi nina protaktini, elementi adimu yenye mionzi, niliyoiandikia tasnifu chuoni bila kuiona. Isipobembelezwa haitulii kwenye asidi, inaganda kwenye ukuta wa chupa. Kama mimi harusini.

Jumanne, 12 Agosti
Protaktini halisi haipatikani hapa Dunda. Nimeiigiza kwenye chupa ya jemu: siki badala ya asidi, mafuta ya nazi juu yake, bizari ya manjano ndiyo protaktini. Nikitikisa na kuacha itulie, manjano yanaikimbia siki na kupanda kwenye mafuta, kama protaktini halisi inavyoweza kuvutwa kutoka kwenye asidi kali. Shangazi Hajra, ninayeishi kwake, kauliza napika nini. Nikasema ni utafiti. Kasema utafiti umemmalizia siki.

Jumatano, 13 Agosti
Ishaka kaiona chupa. Kaniita Mama Achari mbele ya walimu wote. Sawa. Nimechora alama ya hatari ya mionzi, nikaibandika kwenye chupa. Nani atapita bila kusimama?

Alhamisi, 14 Agosti
Wote wamepita. Mbio. Mama mmoja kamvuta binti yake mkono, anasema mwalimu kaleta nyuklia. Mwalimu Saida kagoma kuingia, kaishia mlangoni. Nikaapa ni manjano tu, hakuna aliyeamini. Nikajibanza ukutani na chupa yangu. Protaktini wawili.

Ndipo Shangazi akaja kudai siki yake. Kachovya kipande cha muhogo humo humo, katafuna, kasema pilipili hakuna, na kwa mapishi haya hashangai sina mchumba. Wasichana waliokuwa wakichungulia kwa mbali wakacheka, wakasogea. Mmoja, Mwanvita, akauliza kwa nini manjano yanahama. Nikamweleza. Akauliza, na hiyo halisi je? Nikaeleza mpaka sauti ikakauka. Kajiandikisha, na wenzake nyuma yake. Chumba ni changu.

Ijumaa, 15 Agosti
Nimetafakari sana. Kilichoniokoa ni alama. Shangazi alipita tu. Wiki ijayo nawafundisha radoni, gesi yenye mionzi isiyoonekana kwa macho. Chupa tupu inatosha. Mwalimu Saida kaipiga marufuku alama ile. Ya ukubwa wa mlango hakuitaja.