Nilivyompigia Meneja Saluti Nikiwa na Upanga

Jamani, leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, tena nikiwa nimevaa chuma mwili mzima!

Mnajua mimi ni mlinzi wa geti kwenye jengo la maduka hapa Doha. Geti lenyewe liko juani. Leo ndani kulikuwa na maonyesho ya silaha za kale, na meneja alisema mlinzi atakayependeza zaidi akivaa kama askari wa kale atahamishiwa ndani. Kwenye kiyoyozi!

Tulichaguliwa wawili, mimi na Otieno wa Kisumu, ninayekaa naye chumba kimoja mtaa wa Muaither. Mimi nikavishwa deraya, chuma kuanzia shingoni hadi miguuni, nikapewa upanga unaonizidi kimo. Otieno akapewa shati zito la kitambaa, ngao na kijiupanga kifupi.

"Dada, na ngao yangu?" nikamwuliza dada Wanjiru, aliyekuwa akituvalisha.

"Ya nini? Chuma kimeshakukinga. Watu wa zamani walipovaa hivi waliacha ngao, wakashika upanga mkubwa kwa mikono yote miwili. Kwa hiyo usiachilie hata mkono mmoja. Umeskia?"

"Nimesikia, dada."

(Nilisikia. Hilo siwezi kukataa.)

Nikamgeukia Otieno. "Kaka, shika sinia lako vizuri!"

"Cheka tu, sufuria wewe."

Watoto wakajaa. Wakanipiga picha. Mimi, ambaye hata salamu naitikia chinichini, nikavimba kichwa! Mara meneja akaingia.

Sasa mlinzi akimwona meneja anafanya nini? Miezi minane getini, mkono wangu haungoji ruhusa. Nikabana visigino, kongo! Nikapiga saluti.

Kwa mkono wa kulia.

Upanga ukabaki na mkono wa kushoto peke yake. Ukayumba. Ukaanza kumwinamia meneja, polepole, kwa adabu kabisa.

"Samahani, bosi!" nikapiga kelele. (Badala ya kumwambia akimbie.)

Otieno akaruka, akamkinga meneja kwa ngao. Ng'aaa! Mimi nikaufuata upanga, pu, kifudifudi. Na ukishaanguka na chuma kile, huinuki. Walininyanyua watu wanne. Watoto wakapiga makofi, na mmoja akaomba nirudie.

Meneja akauliza, "Huyu mwenye ngao anaitwa nani?"

"Otieno, bosi," nikamjibu.

"Kesho aanze kazi ndani."

Sasa hivi Otieno yuko kitanda cha juu, anacheka mpaka vyuma vya kitanda vinalia. Ninyi tafadhali msicheke. Kitanda hiki hakiwezi kubeba kicheko kingine.