Zénon wa Ripoti

Ripoti ya shirika moja la Lilongwe iliingia kambi yetu ya Dzaleka kwa WhatsApp asubuhi, na kabla maji yangu ya chai hayajachemka, benchi letu lilikuwa limeshamhukumu Zénon. Mstari wa kwanza ulitutosha: "Zénon, mkimbizi, ana mke wa pili Mitundu."

Zénon wetu, tunayemwita Fiyanse, anamwoa Godelive Jumamosi. Wajomba wa Godelive wameshasema harusi isimame.

"We Fiyanse, wa pili tumemsikia," René akasema. "Wa kwanza umemficha wapi?"

"Mi sina hata mmoja, munanipa babili?"

"Karatasi njo inasema." René tunamwita Avoka, yaani wakili, maana alianza masomo ya sheria Bukavu na hakuna aliyemwona akimaliza.

Hatungimana, Redio yetu, akasogea. "Kuna kabaza, wale ba teksi ya baiskeli, alimpeleka Mitundu."

"Kabaza gani?"

"Yule ataniambia kesho."

Hapo Fabien akafika na kompyuta yake. Anajitolea kwenye lile shirika, kwetu ni Profesa.

"Hiyo ripoti si kazi yako?" Zénon akamuuliza.

"Njo yangu. Bale bantu balihojiwa, majibu yakaingia kwenye jedwali la Excel. Ili basijulikane, unafungua ekrani nyeusi ya kompyuta, unaandika amri mstari mmoja, programu inabadilisha majina yote. Hakuna mwenye jina lake mule."

"Si ungeweka namba?"

"Niliweka. Bosi wa ofisi ya Area 47, kule Lilongwe, akasema namba haina utu, anataka majina kama yetu. Nikaipa programu majina."

"Uliyatoa wapi?"

Fabien akakuna kichwa. "Nilikuwa nimekaa hapa kwenye benchi. Nikaandika ya bale nilikuwa naona."

Zénon akashika kichwa. "Basi waonyeshe wajomba mwenyewe ni nani."

"Iko faili la ufunguo. Jina la bandia huku, la kweli huku. Lakini nimekatazwa kulifungua mbele za watu."

"Fungua," benchi lote likasema. Hata mimi niliacha birika. Kwa siri za wengine, sisi ni watu wa haki sana.

"Sawa. Ila likifunguka linaonyesha bote. Na nyinyi bote mulihojiwa."

Hatungimana akanywa kikombe kitupu. Mimi nikakumbuka nilichomwambia yule dada wa maswali kuhusu maziwa ya chai ninayowauzia.

"Siri ya mtu ni haki yake," René akasema, akimshika Zénon bega. "Ndoa ni uvumilivu, ndugu yangu. Anza leo."

Godelive akatokea, hakusalimia. Alichukua simu ya Hatungimana, akasoma mpaka chini, jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelifanya, wala wajomba zake.

"Sikilizeni. 'Kila mwezi nampelekea mahindi, mafuta na sabuni. Jumapili namfulia nguo.'" Akamtazama Zénon kuanzia kichwani hadi kwenye ndala. "Huyu si Zénon. Nawasomea wajomba sasa hivi. Harusi iko palepale."

"Mungu akubariki," Zénon akasema. "Mi hata hiyo sabuni siwezi."

"Najua. Profesa, jina usinitajie. Niambie tu kama Mitundu iko nafasi ya bibi wa tatu."

Fabien akafunga kompyuta haraka. Nikamwona René ananyoosha kola ya shati, halafu akakumbuka kwamba hakupaswa kujulikana.