Kijapani Changu cha Maneno Kumi na Mawili

Jumapili, tarehe 9 Juni

Nimeharibikiwa. Naandika hapa kwa sababu daftari haliwezi kuniangalia usoni.

Tantine Concilie, shangazi yangu, dada yake papa, anaishi Amerika, katika mji ulio kando ya ziwa. Mji huo umefunga udugu na mji mmoja wa Japani, nao kando ya ziwa, mwaka wa thelathini sasa. Wanatembeleana, wanapeana zawadi, wanapanda miti pamoja. Tantine ameingizwa kwenye kamati, Mkongo wa kwanza. Jumamosi wageni wa Japani watakuwa ukumbini kwao, na tantine ameomba ziongezwe salamu za ziwa la tatu, Tanganyika letu, kwa simu ya video.

Na nani atatoa salamu? Mimi, Délice Itangishaka, miaka kumi na sita, msichana anayenunua chumvi kwa kunyoosha kidole ili asiongee. Tena kwa Kijapani.

Kosa ni langu. Mwezi wa tatu tantine alimsifu binamu yangu Sévère, anayekaa kwetu, kwa asilimia zake themanini na mbili darasani. Wivu ukanishika. Nikamwandikia kwamba shule inanipa Kifaransa, nyumba inanipa Kiswahili, na mimi mwenyewe nimejiongezea Kijapani, kinaendelea vizuri. Ukweli: nilikuwa nimefungua somo la kwanza kwenye simu ya Sévère. Maneno kumi na mawili. Moja ni paka.

Leo tantine ametuma picha ya programu iliyochapwa. Jina langu liko chini ya bendera tatu. Nikianguka mimi, atakayeonekana chini ni yeye, mbele ya watu mia mbili waliomwamini juzi tu.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Mpango wa kwanza: kukariri. Nimeandika maneno nyuma ya kalenda ya parokia kwa herufi kubwa, nitaitundika nyuma ya simu. Nimejifunza mapya manane. Kufika jioni yalikuwa yamefukuza ya zamani.

Mama amegeuza kalenda kutafuta sikukuu ya Mtakatifu Antoni. Akaniuliza ile ni sala ya nani.

Jumatano, tarehe 12 Juni

Mpango wa pili: malaria. Nimejifunika blanketi mchana, nikatetemeka kwa ustadi. Mama akanipeleka dispensaire. Wakanitoboa kidole, wakaangalia damu: hakuna kitu.

Nikafikiri yameishia hapo. Lakini nyanya Agathe, mama yake papa, haamini vyombo vya dispensaire. Kwake mtoto aliyetetemeka ametetemeka. Vikombe viwili vya umuravumba, majani machungu kuliko kinini, na amekaa kwenye kigoda karibu yangu mpaka nimemeza tone la mwisho.

Nimepona. Naweza kwenda Japani kwa miguu.

Alhamisi, tarehe 13 Juni

Mpango wa tatu: ukarimu. Nilimwambia Sévère kwamba yeye ndiye mwenye sauti, mwenye shati, mwenye uso wa televisheni, kwa hiyo namwachia nafasi. Alikubali kabla sijamaliza. Akachukua kalamu, nimfundishe Kijapani.

Nikamfundisha. Baada ya dakika nne akauliza, na kingine? Nikasema paka. Akaweka kalamu chini.

“Weye, iko hicho tu?”

Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akafuta machozi. “Minye niaibike mu nafasi yako? Hapana, dada. Hiyo sherehe iko yako.”

Atafunga mdomo. Malipo: nimfulie mashati ya shule mpaka bulletin za matokeo zitoke.

Ijumaa, tarehe 14 Juni

Mpango wa nne: simu iliyozimika. Simu ya papa, pekee nyumbani inayofaa video, huchajiwa kwa jirani yetu Modeste, mwenye panneau za umeme wa jua. Nilimwomba kwa sauti ya chini anirudishie kesho bila kuichaji. Akauliza sababu. Sababu sikuwa nimeiandaa. Nikasema ni mambo ya Amerika.

Modeste hakushika lingine lolote. Alichomoa simu za wateja watano, akaipa yetu waya mzuri. Kesho ataileta mwenyewe, mia kwa mia. Wateja wote watano sasa wanajua nitaongea na Amerika, na mmoja amenipongeza.

Sijala.

Jumamosi, tarehe 15 Juni

Naandika nikiwa mzima. Siamini.

Saa kumi jioni, kwao saa nne asubuhi, simu ya papa ilisimama juu ya bidoni mbili za maji, kitenge kipya ukutani nyuma yangu, nyanya kwenye kiti pembeni. Kalenda niliitundika. Upepo wa ziwa ukaigeuza palepale, nikabaki natazamana na Bikira Maria.

Tantine akatokea, kilemba cha dhahabu, anang'aa. Simu yake ilikuwa imeunganishwa na ukuta wa ukumbi, kwa hiyo uso wangu kule ulikuwa mkubwa kama nyumba. Safu ya mbele wageni wa Japani, katikati yao mzee Kuzuhara, aliyekuwa kwenye safari ya kwanza miaka thelathini iliyopita. Tantine akanitaja jina.

Nikasema konnichiwa. Vizuri kabisa. Wakainama wote.

Kisha neno la pili. Nililitafuta. Kichwa kilikuwa kitupu kama sufuria iliyooshwa. Sévère nyuma ya simu alikuwa ameuma kola ya shati. Uso wa tantine ulianza kubadilika, na hapo mdomo wangu ukatoa neno pekee lililobaki ndani: sayonara.

Yaani nimewasalimia na kuwafukuza.

Nyanya akamuuliza Sévère nimesema nini. Sévère akajibu kweli: amewaaga. Nyanya akashtuka. Wameshaondoka? Bila hata maji ya kunywa? Akanitazama kama nimemwaga chakula cha msiba. Halafu akachukua fimbo, akajifunga kitenge. “Beba hiyo simu. Mugeni anasindikizwa. Hatufungie muntu mulango mu uso.”

Tukatoka. Mimi na simu mbele, nyanya pembeni akiongea na skrini, Sévère nyuma, mama akifunga mlango kwa haraka. Tulipita kwa Modeste, akapunga simu mbili kila mkono. Tulipita wanawake wanaokusanya ndagala zilizokauka, samaki wadogo wa ziwa. Mmoja akainua konzi ili wageni waone ni safi. Watoto wakaungana nasi. Nyanya alikuwa anawaambia Wajapani waangalie mashimo.

Tantine akaanza kuwaeleza ukumbini kinachotokea. Nilimwona mzee Kuzuhara anasikiliza mkalimani, taratibu, mkono kwenye sikio. Kisha akasimama. Akasema, na tantine akatutafsiria, kwamba hata kwao mgeni huangaliwa mpaka asionekane tena, na ni aibu kuaga umekaa. Akaomba simu ya tantine. Ikachomolewa ukutani. Akatoka nayo nje, na watu mia mbili wakamfuata, meya wao akiwa na kikombe cha kahawa mkononi.

Wao wakashuka kwenye ziwa lao, sisi kwenye letu. Tukaishia pale maji yalipomeza barabara mwezi wa tano. Yeye akaishia kwenye gati la mbao. Nikageuza simu aone Tanganyika. Akageuza yake. Maji na maji.

Sasa nani akate? Nyanya alikataa: anayebaki hamkatii anayeondoka. Kule pia hakuna aliyekubali. Mzee Kuzuhara aliongea kirefu kwa Kijapani. Nyanya alimjibu kirefu kwa Kirundi cha kwao Mutarule. Hakuna aliyeomba tafsiri. Nilipunga mpaka mkono ukauma. Mwishowe megas za intaneti zikaisha zenyewe, na hakuna mtu aliyemfungia mwenzake mlango.

Nyanya akashusha pumzi, akasema wageni wema hao. Mimi nilikaa chini kwenye mchanga. Nikala ndagala za watu, konzi mbili.

Naapa mbele ya daftari hili: sitamdanganya tena tantine. Sitamdanganya yeyote.

Jumatatu, tarehe 17 Juni

Nimelala siku mbili kama mtoto mchanga. Leo audio ya tantine. Analia, lakini kwa furaha. Kamati inasema katika miaka thelathini haijaagwa hivyo. Mwenyekiti amemwomba tantine apange sherehe ijayo yeye mwenyewe. Mzee Kuzuhara alisema yule msichana ana hekima, ametumia maneno mawili tu na yote yalikuwa ya lazima.

Nilisikiliza mara tatu. Uzito wote ulinitoka mabegani.

Mwisho wa audio kulikuwa na swali. Mji wao una ndugu mwingine, huko Peru, na wageni watakuja mwezi wa kumi. Kwa bahati, mtoto wangu, hujui Kihispania?

Sévère alikuwa amekaa karibu, anasikia yote.

Nikafikiria kiapo. Nikafikiria pia kwamba Kihispania kinafanana na Kifaransa, kila mtu anasema hivyo, na mwezi wa kumi uko mbali sana.

Nikaandika: Kidogo, tantine. Kinaendelea vizuri.

Sévère akainuka polepole, akaingia chumbani, akarudi na mashati matatu machafu.