Pale Mapaa Mawili Yanapokutana

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua zimeanza na dirisha langu linavuja. Naandika "langu" kwa sababu mwaka jana nilitoboa paa kwa mikono hii, ili mama mkwe apate mwanga wa kushonea kule chumba cha juu. Dirisha lina kijipaa chake cha bati, kinachokutana na paa kubwa kwenye kona mbili. Maji yanaingilia kona ya kushoto. Tone moja tu! Limedondokea gauni la bibi harusi.

Mama mkwe hakulalamika. Alisogeza cherehani hatua mbili, akasema hakuna nyumba isiyovuja. Upole wake unanitesa kuliko matusi.

Mke wangu anataka tumwite kaka yake, ambaye kazi yake ni kuezeka. Nimekataa katakata. Nilipokuwa najenga, shemeji alikuja, akatazama, akasema, "Shemeji, maji hayazibwi. Yanaonyeshwa njia." Nikamjibu mbele ya watu kwamba nimefundisha jiografia miaka kumi na tisa, mito naijua. Hajakanyaga kwetu tena. Salamu zetu hupitia kwa mke wangu.

Jumanne, 4 Novemba

Lami! Nimepanda na kopo zima baada ya vipindi, nikapaka kona yote unene wa kidole. Nimepaka na suruali, saa ya mkononi na sikio moja. Nimeshuka najiona mhandisi.

Mke wangu ameuliza kama nina uhakika. Nimemwambia asubiri mvua aone mwenyewe.

Jumatano, 5 Novemba

Mvua imenyesha saa tisa mchana. Ameona mwenyewe.

Sasa matone ni matatu. Lami imejenga ukuta, maji yamekosa pa kushukia, yametambaa pembeni na kuingia chini ya mabati. Mama mkwe ameweka beseni, akaendelea kushona kama vile beseni lilikuwepo tangu zamani.

Nimerudi juu na silikoni, mirija minne. Nimeziba kila nilichoona na vingine ambavyo sikuvielewa. Nikiwa huko nimegundua kwamba kutoka paani naona nyumba nzima kama ramani. Miteremko miwili, bonde katikati. Bonde hilo nimelichora ubaoni mara mia: maji ya pande zote mbili hukusanyika hapo. Sikuwahi kujiuliza anayeishi chini ya bonde anasikia nini.

Wazo hilo lilinikaa kichwani hadi mrija wa mwisho ulipokwisha. Kisha nikalisahau.

Alhamisi, 6 Novemba

Matone sita.

Nimerudi kutoka shuleni nikakuta nyumba kimya. Mwanzoni sikujua kilichopungua ni nini. Nimekaa sebuleni, nimesahihisha madaftari mawili, ndipo nikang'amua: cherehani haisikiki. Mama mkwe ameifunga kwa shuka na kukunja vitambaa vyake. Amesema, kwa sauti ile ile ya upole, kwamba Jumapili atahamia kwa mwanawe, yule shemeji. Kule hakuna mwanga wa kutosha, lakini gauni lazima liwe kavu. Ameongeza kwamba mimi sina kosa. Sina kosa!

Miaka mitatu nimekuwa nikisema kelele za cherehani zinaniharibia kazi. Leo nimeshindwa kusahihisha daftari la tatu.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimepata mbinu. Shemeji atapanda paani kwangu bila mimi kumwomba. Nimemwambia mke wangu, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba kesho nitamleta yule fundi wa sokoni, ambaye shemeji husema hawezi kuezeka hata banda la kuku. Nilijua atampigia kaka yake simu kabla sijamaliza sentensi. Amempigia. Nimesikia shemeji akifoka upande wa pili wa simu.

Nimetabasamu peke yangu jikoni. Mtu akitumia akili, hahitaji kunyenyekea.

Jumamosi, 8 Novemba

Amefika saa mbili asubuhi na ngazi yake. Kaingia, kamwamkia mama yake, kaketi. Kaomba chai. Kanywa. Kaomba nyingine. Ngazi imeegeshwa ukutani. Nimesema mawingu yanakusanyika. Akakubali kwamba yanakusanyika. Nimesema mabati ya siku hizi ni mepesi. Akasema ni kweli, mepesi sana. Mke wangu alikuwa anajiuma midomo.

Kikombe cha tatu. Mama mkwe akashuka na mfuko wake wa kwanza, akauweka mlangoni.

Sijui ni nini kilichonitoka. Nilikuwa nimeandaa sentensi kuhusu upepo, nikasikia nasema, "Shemeji, nimeshindwa. Naomba unisaidie."

Akaweka kikombe chini. "Basi twende," akasema. Tu! Mwaka mzima nilikuwa nikiyaogopa maneno yangu yale manne.

Huko juu amebandua lami yangu kwa patasi bila kucheka, nami nilimshukuru moyoni. Ameninyooshea jagi la maji, akaniambia nimimine polepole na nitazame. Nikatazama. Maji yalishuka vizuri, yakafika kwenye bati la mtaro, lile linalolala bondeni kati ya mapaa mawili, yakapita chini yake. Nilikuwa nimelilaza juu ya mabati ya paa. Lilipaswa kuwa chini ya hayo mabati, ili maji yadondokee ndani yake. Tena nilikuwa nimelipigilia misumari katikati, pale pale maji yanapopita. Matundu saba. Niliyahesabu mwenyewe.

Tumeweka bati jipya, kingo zake zimekunjwa juu, misumari pembeni kabisa, na njia wazi ya upana wa kiganja. Kazi imechukua muda wa saa tatu. Hakunikumbusha mito. Alisema tu kwamba mama yake hapendi kuhama, na kwamba kwake angekaa kimya tu hadi akonde.

Saa kumi mvua ikashuka kwa fujo. Tulisimama wote wanne chumba cha juu, shingo juu. Hakuna tone. Mama mkwe akafungua shuka, akatia uzi kwenye sindano.

Nimekaa sebuleni, nimesahihisha madaftari yote thelathini na nane. Nimejifunza jambo kubwa wiki hii: kuomba msaada hakumpunguzii mtu kitu. Nitalikumbuka maisha yangu yote.

Jumatatu, 10 Novemba

Mlango wa chumba cha walimu unakwama. Mwalimu mkuu alitangaza kwamba seremala anakuja kesho. Nimemuuliza seremala wa nini, mlango ni ubao tu. Nimeung'oa wakati wa mapumziko na kuuranda upande wa chini, vidole viwili hivi. Nilipoupachika nikagundua kwamba ulikuwa unakwama juu. Nimeuranda na juu.

Sasa haukwami. Haugusi popote.

Kikao cha mchana tumekifanya huku wanafunzi wakituchungulia. Seremala, aliyeitwa leo leo kwa dharura, ametazama mlango, akanitazama mimi, akapima fremu na kusema atarudi kesho na mlango mpya. Simpendi mtu wa namna hiyo. Kesho nitawahi kufika kabla yake.