Naomba Kichupa Changu Kiandikwe "Mzima"

Mheshimiwa Mtafiti Mkuu, pamoja na wote wenye makoti meupe walio chini yako,

Kuhusu: damu yangu, ambayo mmeshindwa kuitofautisha na ya pacha wangu

Natumaini barua hii itakukuta na afya njema, hasa ya akili, kwa kuwa yangu mmeitia doa. Mimi ni kinyozi. Ni yule pacha mkubwa, niliyemtangulia mwenzangu kuja duniani kwa muda wa kuchemsha chai. Tulikuja kwenu sote wawili mlipotangaza kwamba mnatafuta ndani ya damu alama za maradhi makubwa ya akili. Yeye alikuja kama mgonjwa, mimi nikaja kama mzima wa kulinganishwa naye. Shati nililipiga pasi mwenyewe. Malalamiko yangu ni haya:

1. Muuguzi wenu alitia damu zetu kwenye vichupa vinavyofanana, akabandika namba tu, bila majina. Nilimwomba kwa adabu aandike MZIMA kwenye changu, kwa herufi kubwa. Akanijibu kwamba mpimaji hatakiwi kujua ipi ni ya nani, asije akaona kile anachotaka kukiona. Jamani! Sasa lile shati nililipigia pasi ya nini?

2. Mlinipa maswali ya ajabu. Je, huwa nahisi watu wananisema? Nikajibu ndiyo. Ng'ambo ya barabara kuna kinyozi mwingine. Asiponisema mimi amseme nani? Je, huwa napata ujumbe ambao wengine hawausikii? Nikasema kila siku: mteja akijitazama kwenye kioo akanyamaza, ujumbe nimeupata. Binti aliyekuwa akiniuliza aliandika mpaka kalamu ikaisha wino. Pacha wangu alimaliza mapema, akawa nje anakunywa soda. Mimi nikaombwa nibaki kidogo, eti nyumbani kuna amani?

3. Kuhusu kuzimia kwangu nilipoiona sindano, naomba mfute. Ni kweli mgonjwa ndiye aliyemnyanyua mzima miguu na kumpepea kwa karatasi zenu, lakini hilo si jambo la kisayansi.

4. Hapa ndipo penye uchungu wangu. Juzi mmetuita mkatuambia kwamba hadi sasa hamjaona alama hata moja ambayo peke yake inaweza kusema huyu mgonjwa, huyu mzima. Kwamba utafiti unaendelea, na asanteni kwa mchango wenu. Asante ndiyo nini? Mimi nina viti viwili pale kazini, na cha pili ni chake. Alikiacha siku alipougua, sauti zilipomwita katikati ya kazi, akatoka na aproni yake, akamwacha mwenye nyumba wetu na kichwa kilichonyolewa upande mmoja. Sasa amepata nafuu ya kweli. Dawa anameza, mkono umetulia, na daktari wake wa kliniki amesema anaweza kurudi kazini. Lakini daktari huyo amejuaje? Kwa kuzungumza naye na kumtazama tu, mwezi baada ya mwezi! Mimi nazungumza na watu kutwa nzima na sijawahi kugundua kitu. Basi nikamwambia pacha wangu asubiri, wembe nitamkabidhi siku damu itakaposema. Kila asubuhi anakuja, anafagia nywele, anakunja taulo, anakitazama kiti chake. Shemeji yake, yaani mke wangu, anasema nimejificha nyuma ya kichupa. Mwanamke huyo hana heshima kabisa kwa sayansi.

5. Kwa hiyo nadai alama ipatikane kabla ya mwisho wa mwezi. Ikikosekana kwake, itafuteni kwangu, maana damu ni moja. Mkiiona kwangu, tafadhali msiniambie. Naogopa, Mheshimiwa. Siku ile alipougua nilimwona pacha wangu kwenye kioo akitoka, na sura iliyotoka ni yangu hii hii. Tangu hapo kila nikisahau jina la mteja najiuliza kama ndiyo zamu yangu. Mgonjwa analala fofofo. Mzima ndiye anayemchungulia kwenye tundu la ufunguo.

6. Mkishindwa, basi sheria iwe moja kwa wote: asishike kitu chenye makali mtu ambaye damu yake haijasema. Mpishi aweke kisu chini, seremala aweke msumeno chini, na wewe Mheshimiwa uache kuchoma watu sindano. Tukae tu, tusubiri.

Naishia hapa kwa heshima zangu zote, ukitoa ile iliyobaki kwenye kichupa. Nisalimie muuguzi, binti wa maswali (mwambie wananisema kweli), na mlinzi aliyenirudishia kiatu kilichonivuka nilipoanguka.

Ni mimi,
Kinyozi, pacha mkubwa (mzima)

Nyongeza: Barua hii imenilia asubuhi nzima, na wateja wamejaa hadi mlangoni. Pacha wangu alipoona ninavyojikuna kichwa kwa kutafuta maneno, akanikalisha kwenye kiti chake anipunguze nywele. Wembe sikumkabidhi, aliuchukua. Nilikusudia kumchunga kwenye kioo asipotee tena. Kumbe nikapitiwa na usingizi, wembe uko shingoni mwangu. Nimeamka nimeshanyolewa, nimefunikwa taulo, naye yuko kwenye kiti changu anamnyoa mtu. Damu zetu endeleeni nazo, huenda zikamfaa mwingine. Barua hii msiijibu. Sisi tuna wateja wanasubiri.